Mashine ya gemu: ununue iliyokamilika au uunde mwenyewe?

Matangazo ya mashine za gemu yana maneno yale yale: "Core i7, RAM 16GB, SSD 512GB, grafiki 4GB, inapiga gemu zote." Chini yake kuna picha ya kasha la kioo na feni zinazowakawaka. Huenda kila neno ni kweli. Lakini i7 hiyo ni ya kizazi cha ngapi? Grafiki hiyo inaitwaje? Pawa saplai ni ipi, na mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) je? Hapo tangazo linakaa kimya, na hivyo viwili vya mwisho ndivyo vinavyoamua kama baada ya miaka miwili utabadilisha kadi peke yake au utauza mashine nzima kwa bei ya kutupa.

Ndiyo maana swali la kununua au kuunda halijibiwi kwa kulinganisha bei mbili za jumla. Fungua kasha kwanza, uone ndani mna kitu gani ambacho hutaweza kukibadilisha.

Tena kwetu njia si mbili, ni tatu. Ipo mashine mpya ya gemu iliyofungwa tayari dukani. Ipo ya kukusanya kipande kimoja kimoja na kuunda. Halafu ipo ile ambayo wengi wanaotafuta mashine Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi huishia nayo: kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, inayochomekwa kadi ya grafiki. (Na ukisikia "nauza CPU", muulize muuzaji kama anauza prosesa au kasha zima. Mtaani neno hilo lina maana zote mbili, na watu wameshalipia safari za bure kwa ajili yake.)

Anzia kwenye monita

Kabla ya kutaja prosesa yoyote, jua utacheza kwenye kioo gani. Monita ya 1080p (picha ya nukta 1920 kwa 1080) yenye 60Hz haiwezi kukuonyesha zaidi ya picha 60 kwa sekunde, hata ukiifunga kwenye kadi ya mamilioni. Kama hiyo ndiyo monita uliyonayo na huna mpango wa kuibadilisha, bajeti yako inashuka sana. Ukitaka 144Hz kwa ajili ya Valorant au Counter-Strike 2, prosesa inapata uzito zaidi, maana magemu hayo hayaili kadi sana bali yanataka prosesa yenye kasi. Ukitaka 1440p, yaani picha yenye nukta nyingi zaidi, na magemu mazito ya hadithi, uzito unahamia kwenye kadi na kumbukumbu yake.

Kwa 1080p, kadi zenye 8GB kama RX 6600, RTX 4060 au RTX 5060 zinatosha. Kwa 1440p, 8GB zimeanza kubana: gemu linakwenda vizuri dakika kumi, kisha linaanza kukwama kwama kwa sababu picha hazienei kwenye kumbukumbu ya kadi na zinalazimika kupita kwenye RAM. Hapo tafuta Arc B580 yenye 12GB, au RX 9060 XT na RTX 5060 Ti zenye 16GB. Hizo mbili za mwisho zinauzwa pia kwa 8GB chini ya jina lile lile, kwa hiyo soma boksi, usisome jina tu.

Neno "grafiki 4GB" peke yake halina maana. GT 730 ina matoleo ya 4GB na haichezi chochote cha leo. GT 1030 ipo yenye kumbukumbu ya GDDR5 na ipo ya DDR4, na hiyo ya pili ni dhaifu mno ukilinganisha na ndugu yake. RX 580 nyingi zinazoagizwa mtandaoni kutoka China zimeandikwa "2048SP", na hizo kwa ndani ni sawa na RX 570, kwani RX 580 halisi ina vichakataji 2304. Kibaya kuliko vyote ni kadi ya zamani iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Dawa yake ni programu ya bure ya GPU-Z: ikikamata kadi ya namna hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina lake. Iweke kwenye flashi na uende nayo dukani.

Kompyuta ya ofisi pamoja na kadi

Njia hii ina heshima yake. Unapata prosesa, RAM, mazabodi na kasha kwa bei ambayo vipande vipya haviwezi kuifikia, na mara nyingi unapata na leseni ya Windows iliyoandikwa ndani ya mazabodi. Tatizo ni kwamba mashine hizi ziliundwa kwa ajili ya kufungua barua na hesabu, na Dell na HP hawakuacha nafasi ya kucheza.

Kwanza umbo. Toleo jembamba, lile linaloitwa SFF, linapokea kadi fupi za nusu kimo tu. Ukinunua kadi ya kawaida haitaingia, wala hakuna fundi wa kuikata. Katika baadhi ya hizo nyembamba, tundu la kadi liko karibu sana na pawa saplai, hivyo hata kadi ya nusu kimo ikiwa nene haikai. Chukua toleo la mnara, MT, kama unaweza kulipata. Ukikosa, pima nafasi kwa rula kabla ya kununua kadi.

Pili umeme. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, nayo SFF yake ina wati 255, na kwa kawaida hazina waya wa ziada wa kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa wati 75 tu. Kwa hiyo kadi yako lazima iwe ile inayoishi kwa umeme wa tundu peke yake. Utasema basi nitabadilisha pawa saplai. Hapo ndipo watu wanapogonga ukuta: mazabodi ya 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, ina yake ya pini 8, na EliteDesk 800 G1 ina yake ya pini 6. Waya za kubadilishia zipo na zinaagizwa mtandaoni, lakini hakikisha umbo la pawa saplai mpya linaingia kwenye kasha, kisha jumlisha gharama zote. Ukishanunua waya, pawa saplai na pengine kasha, umeshafika nusu ya njia ya kuunda mashine mpya, na bado mazabodi ni ile ile isiyopokea prosesa mpya zaidi.

Kadi zinazofaa bila waya wa ziada si nyingi. GTX 1050 Ti ndiyo iliyozoeleka, ila ujue NVIDIA ilisimamisha draiva (programu za kuiendesha kadi) za magemu mapya kwa kizazi chake Oktoba 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama. GTX 1650 bado inahudumiwa, lakini baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6, hivyo itazame kadi yenyewe upande wa juu. RX 6400 inakula wati 53 tu, ila imeunganishwa kwa njia nne pekee za PCIe 4.0 (PCIe ndilo tundu la kadi). Ukiichomeka kwenye mashine ya zamani yenye PCIe 3.0 inapoteza nguvu inayoonekana kwa macho, na haina uwezo wa kurekodi video kwa vifaa vyake. Kwa sasa kadi bora ya kundi hili ni RTX 3050 ya 6GB, inayokula wati 70. Ipo hata ya nusu kimo.

Tatu umri wa prosesa, na hapa wauzaji wengi huficha. Core i7 ya kizazi cha 3 haina maagizo ya AVX2 (amri za hesabu za ndani ya prosesa), na magemu kadhaa mapya hayafunguki kabisa bila hayo. Kizazi cha 4, kama i7-4790, kinafungua lakini Windows 11 haikikubali rasmi, na Windows 10 ilimaliza huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama zilizo ndani ya mashine), Battlefield 6 nayo inazidai, na magemu ya ushindani yanazidi kufuata mkondo huo. Kwa hiyo mpaka wangu ni kizazi cha 8: i5-8500 yenye koa (viini) sita, kama ile ya OptiPlex 7060, inakubaliwa na Windows 11 na inacheza 1080p kwa staha. Chini ya hapo nunua tu kama orodha yako ni GTA V na magemu ya mpira ya miaka iliyopita.

Kusoma kizazi ni rahisi: i5-8500 ni cha 8, i7-4790 ni cha 4, i5-12400 ni cha 12. Muuzaji akisema "ni Core i7 tu", fungua Task Manager mwenyewe.

Iliyofungwa tayari

Watu wanaojua kuunda huwa na tabia ya kuidharau mashine ya dukani. Mimi siidharau, hasa sasa. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei ya RAM imepanda vibaya, kwa sababu watengenezaji wa chipu za kumbukumbu wanaelekeza viwanda kwenye seva za akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa iliyokuwa kimbilio la wanunuzi wa kawaida. Matokeo yake ni kwamba mashine iliyofungwa kabla ya bei kupanda, ikiwa bado iko kwenye rafu kwa bei ya zamani, inaweza kuwa nafuu kuliko jumla ya vipande vyake. Piga hesabu kila mara. Kanuni ya zamani kwamba kuunda ni rahisi mfukoni haina uhakika tena.

Lakini usiilipie kabla ya kufungua ubavu wake. Mazabodi inatakiwa iwe ya ukubwa wa kawaida, ATX au Micro-ATX, yenye plagi ya pini 24. Pawa saplai iwe na jina na modeli unayoweza kuitafuta mtandaoni. Soma kibandiko chake, mstari wa +12V, maana prosesa na kadi zote zinakula hapo. Pawa saplai iliyoandikwa 500W huku mstari wa +12V ukisema ampea 18 inatoa wati 216 tu upande huo, kwani 12 mara 18 ni 216. Ya kweli ya wati 550 huonyesha karibu ampea 45. Maneno "80 Plus" yanahusu ni umeme kiasi gani unapotea kama joto, hayakuhakikishii kinga dhidi ya shoti, na kibandiko hicho nacho kinachapishwa na yeyote mwenye printa.

Ukiikuta pawa saplai yenye swichi nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230, iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka popote Afrika Mashariki. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa imeachwa kwenye 115 italipuka kwa mlio sekunde ile ile. Zile zisizo na swichi hiyo mara nyingi zinapokea volti 100 hadi 240 zenyewe. Thibitisha kwenye kibandiko.

Kasoro nyingine za mashine za dukani ni ndogo na zinatibika. Mara nyingi wameweka kijiti kimoja cha RAM cha 16GB badala ya viwili vya 8GB, na prosesa inapoteza njia moja kati ya mbili. Kasi ya RAM imeachwa kwenye kiwango cha chini kwa sababu hakuna aliyewasha XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, kwenye baiosi (programu ya ndani ya mazabodi). Feni saba zinapiga taa lakini sehemu ya mbele ni kioo kitupu, hewa haina pa kuingilia. Hilo la mwisho ni gumu kidogo kwa mtu wa Dar au Mombasa.

Kuhusu waranti, uliza maswali mawili na majibu yaandikwe kwenye risiti: inahusu vipande vyote au mazabodi peke yake, na je, ukifungua kasha kuongeza SSD inafutika? Duka likikataa kuandika, hesabu kwamba waranti haipo.

Kuunda mwenyewe

Unalipia muda, na unapata kitu ambacho kila kipande chake unakijua. Mgawanyo wa pesa ninaoupendekeza kwa mashine ya 1080p ni kati ya theluthi moja na asilimia 40 ya bajeti kwenye kadi, karibu moja ya tano kwa prosesa, na kilichobaki kigawanywe kwa mazabodi, RAM, SSD, pawa saplai na kasha. Pawa saplai isiwe ya mwisho kununuliwa kwa chenji iliyobaki. Ikiungua vibaya huwa haifi peke yake.

Kwa bajeti ya chini jukwaa la AM4 (tundu la prosesa za AMD) bado lina maana kubwa, kwa sababu linatumia RAM ya DDR4 inayopatikana hata kwenye mitumba. Ryzen 5 5600 ina koa sita, inakula wati 65 kwa maelezo ya AMD, na ya kwenye boksi inakuja na feni yake. Ile inayouzwa bila boksi haina feni, ukumbuke kuiongeza kwenye hesabu. Kwa upande wa Intel, i5-12400F ni ya kiwango hicho hicho, lakini kuna mazabodi za LGA1700 (tundu la prosesa hiyo) za DDR4 na nyingine za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. Herufi F ina maana prosesa haina grafiki yake: bila kadi hupati picha hata ya baiosi. Mwenye pesa zaidi aende AM5, tundu jipya zaidi la AMD, na Ryzen 5 7600. RAM ya DDR5 itamuuma, ila jukwaa hilo AMD imeahidi kuliendeleza hadi 2027 na kuendelea, na prosesa hiyo ina grafiki ndogo inayosaidia kupima pale kadi inapoleta shida.

Asiyeweza kununua vyote kwa mkupuo anunue Ryzen 5 5600G. Ina grafiki ya kutosha kucheza Valorant na Counter-Strike 2 kwa mipangilio ya chini, mradi RAM iwe vijiti viwili. Kadi ataiongeza akipata. Grafiki ya ndani ya mashine ya ofisi kwa kawaida ni dhaifu kuliko hiyo, na ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipendelee njia hii kwa mwanafunzi anayekusanya kidogo kidogo.

Wengi huagiza kadi kupitia ndugu au mfanyabiashara anayekwenda Dubai, kwenye maduka ya kompyuta ya Bur Dubai kando ya barabara ya Khalid Bin Al Waleed. Bei huwa nzuri, chaguo ni kubwa. Lakini kwa chapa nyingi waranti inabaki huko iliponunuliwa, na kadi ikifa utahitaji mtu wa kuirudisha. Ushuru wa forodha wa kompyuta ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sifuri, neno ambalo watu hulishika na kusahau VAT na tozo nyingine za bandarini na uwanja wa ndege. Uliza wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka.

Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja, kwa bisibisi moja ya nyota. Unganisha prosesa, feni yake, RAM na SSD juu ya boksi la mazabodi, nje ya kasha, uwashe hapo kwanza. Ikiwaka, ndipo uiingize. Hii inakuokoa kufungua skrubu tisa mara mbili.

Makosa ni yale yale kila mahali. Prosesa ya AM4 ina pini chini yake, na ukiivuta feni ya zamani kwa nguvu prosesa hung'oka nayo na pini kupinda. Washa mashine dakika chache grisi ipate joto, izime, zungusha feni kushoto na kulia, ndipo uvute. Intel pini ziko kwenye mazabodi, nazo zikipinda ndiyo basi. Waya wa pini 8 wa prosesa na ule wa pini 8 wa kadi vinafanana kwa mbali; vimechongwa tofauti, na kikikataa kuingia usikilazimishe. Karatasi ya plastiki chini ya hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) isipobanduliwa, prosesa itafika nyuzi 90 na zaidi ndani ya dakika moja. Ukisahau nguzo ndogo za shaba zinazoinua mazabodi, mgongo wake unagusa bati na kupiga shoti. Mazabodi ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kuwa na baiosi isiyoijua Ryzen ya mfululizo wa 5000, na itakaa kimya kana kwamba imekufa. Chukua B550, au mwambie muuzaji asasishe mbele yako.

RAM mbili kwenye mazabodi yenye matundu manne zinakaa la pili na la nne kuanzia upande wa prosesa. Ukiwasha mashine ya AM5 mara ya kwanza, kioo kinaweza kukaa cheusi dakika kadhaa wakati inajipima na RAM. Usiizime. Wapo waliorudisha mazabodi nzima dukani kwa kukosa subira ya kikombe kimoja cha chai.

Na waya wa monita uuchomeke kwenye kadi, usiuchomeke kwenye mazabodi. Nusu ya malalamiko ya "kadi yangu mpya haina nguvu" huishia hapo. Nusu ya waliobaki wana monita ya 144Hz ambayo Windows imeiacha kwenye 60Hz.

Umeme, joto na safari

Mashine ya Ryzen 5 5600 na RTX 4060, ikiwa kwenye gemu zito, inakula kama wati 240 ukijumlisha kila kitu: kadi 115, prosesa hadi 76, vingine karibu 50. Pawa saplai ya wati 550 inatosha na kubaki. Kwenye LUKU au tokeni, saa nne za kucheza ni karibu uniti moja, na monita inaongeza kidogo. Anayekuuzia pawa saplai ya wati 850 kwa mashine kama hii anamaliza stoku yake.

Umeme ukikatika ni usumbufu, ila unaporudi ndipo unapoua vifaa, kwa sababu volti huruka. Ukikatika, zima swichi ya ukutani na usubiri utulie. UPS ya 650VA hubeba karibu wati 325 hadi 390, kwa hiyo mashine hii inaingia, nayo inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. UPS za bei nafuu zinatoa mawimbi ya umeme yasiyo laini, na pawa saplai nzuri za kisasa wakati mwingine huzikataa na kujizima pale pale UPS inaposhika kazi. Ijaribu kwa kuchomoa UPS ukutani huku mashine ikiwa inafanya kazi, kabla siku za kuirudisha dukani hazijapita.

Pwani, chumba kina nyuzi 30 na zaidi kabla hujawasha chochote. Kasha liwe na wavu mbele na si kioo, feni mbili zikiingiza hewa na moja ikitoa nyuma. Vumbi lipulizwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, huku umezishika feni kwa kidole zisizunguke. Kasha lisikae sakafuni palipo na zulia.

Wa mikoani wana jambo moja la ziada. Mashine kutoka Dar kwenda Mwanza husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenye buti la basi, ikiwa imelala chini ya magunia. Kadi nzito ikining'inia kwenye tundu lake njia nzima hupasua tundu au kung'oka na kugonga mazabodi. Mwambie muuzaji aijaribu mashine akiwa kwenye simu ya video na wewe, aendeshe gemu au FurMark (programu ya kuipa kadi mzigo mzito) kwa dakika 15, uone kwenye GPU-Z jina la kadi na joto lake likiwa chini ya nyuzi 85. Kisha aizime, aitoe kadi mbele ya kamera na kuifunga kwenye boksi lake peke yake, na hitisinki ikiwa ni ile kubwa ya mnara nayo itoke. Utachomeka mwenyewe ikifika: skrubu mbili, waya mmoja, na mlio mdogo wa kishikio cha tundu kinapojifunga.